Sahihi ya Kumwachia Kipa

Dubai Investments Park, Dubai
12 Septemba 2014

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta kibarazani na chai yako. Lile sikio la kulia linaendeleaje? Shangazi aliniambia umeanza kulimiminia mafuta ya moto. Baba, sikio si karai la maandazi. Nenda hospitali. Mimi ni mzima. Mgongo unauma, ila huu ni mgongo wa kazi tu, Ijumaa nikilala unapoa.

Kazi ni ile ile, mashuka ya hoteli. Yanaingia machafu mlango huu, yanatoka yamenyooka mlango ule, na mimi niko katikati kwenye mashine ya pasi pamoja na dada mmoja wa Nepali. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui lugha yake, na mashine inanguruma, basi tunatikisiana vichwa asubuhi hadi jioni. Kuna siku narudi bwenini nataka kusalimia, sauti inatoka imekwaruza kwa kukaa bure.

Sasa nisikilize. Chumbani kwetu amehamia Mganda, jina lake Harriet, mlinzi wa getini kwenye ghala la jirani. Aliona ile picha ya timu yetu ya Njoro niliyobandika ukutani, mimi nimevaa pedi, akaruka kitandani. "Banange! Wewe ni kipa? Sisi tunatafuta kipa kama maji!" Kumbe naye alicheza mpira wa magongo, kwao Kampala. Hapa wana timu ya wanawake, Waganda, Wakenya na Wahindi wa Goa, wanacheza Ijumaa kwenye ligi ya wafanyakazi. Kipa wao amerudi kwao. Ijumaa iliyopita nilikwenda kujaribiwa, nikapiga kelele golini mpaka koo likauma. Sikumbuki mara ya mwisho kufurahi namna ile.

Tatizo ni moja. Ligi yao haimsajili mtu aliyewahi kuchezea klabu nyingine mpaka klabu hiyo imwachie, kwa barua halisi yenye sahihi ya mwalimu na muhuri. Mwisho wa usajili ni katikati ya Novemba. Na mwalimu wa Njoro ni wewe. Nakuomba uniandikie. Rama, kijana wa kwetu anayefanya kazi hapa, yuko huko likizo, mpe yeye, nami akirudi Dubai nitaifuata kwake Al Baraha.

Mwanao,
Doris


Njoro, Moshi
5 Oktoba 2014

Mwanangu Doris,

Marahaba, mama. Sikio sasa limekufa kabisa, kwa hiyo halinisumbui tena. Ng'ombe amezaa dume. Shangazi yako bado ananiletea mboga zisizo na chumvi, eti presha, na mimi nazila ili nisisikie maneno yake kwa hili sikio lililobaki. Namshukuru Mungu.

Nimesoma habari za huyo Harriet na wenzake. Kwanza nikuulize, uwanja wao ni wa majani au wa hilo zulia la plastiki? Maana makipa wa kwenye zulia nimewaona kwenye televisheni, kazi yao ni kulala. Kona fupi ikipigwa, kipa chini, puu, kama gunia la mahindi limedondoka kwenye lori. Ameshalala, mpira wa kurudi atauokoa na nini, na kope? Kipa anasimama. Kipa anatumia miguu. Na kipa anasema, mwanangu, kipa bubu ni mlingoti wa tatu. Halafu na hizi sheria mpya! Nasikia mashindano makubwa sasa yanachezwa robo nne badala ya vipindi viwili. Wanakata mchezo vipande vipande kama nyama ya buchani. Kipa ndiyo kwanza anapata moto, anaambiwa njoo unywe maji.

Kuhusu hiyo barua. Njoro hatujawahi kumwachia kipa. Mshambuliaji ni mgeni, leo yupo, kesho kaona timu yenye viatu vizuri, kaenda. Kipa ni mwenye nyumba. Lakini wewe usiwe na wasiwasi, nafasi yako nimekulindia. Ligi ya mkoa inaruhusu makipa wawili tu kwa timu, na kila msimu nimeandikisha Martina na wewe. Msimu huu pia. Goti la Martina limeharibika, kwa hiyo Jumamosi tulicheza bila kipa, sheria inaruhusu, beki mmoja akasimama golini na gongo lake tu. Tulifungwa saba. Si neno. Watu wakaniuliza, "Mwalimu, Doris anarudi lini?" Nikawaambia msimu ujao.

Kula vizuri. Usishindie soda.

Baba yako,
Onesmus


Dubai Investments Park, Dubai
24 Oktoba 2014

Baba, shikamoo.

Pole na sikio, na hongera kwa ndama. Mimi sijambo. Kahawa uliyomfungia Rama kwenye gazeti ilifika, na chumba kizima kikanukia nyumbani mpaka Harriet akauliza nani amekuja. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za kwa Rama kwa sababu sikuweza kungoja basi. Nilipomaliza nikaitikisa bahasha, nikaigeuza chini juu. Barua ya kuachiwa haikuwamo.

Saba, Baba! Na unasema si neno, wewe uliyekuwa ukifungwa moja huli chakula cha jioni? Na Belinda yuko wapi? Yule msichana mwenye miguu ya korongo uliyemfundisha mwenyewe, uliyesema atanipita? Nimeelewa yuko wapi. Amekaa nje ya mstari kwa sababu jina langu limekalia kiti chake. Mimi niko huku na mashuka. Siwezi kuruka kutoka Dubai nikaokoe kona ya Moshi.

Na mkataba wangu unakwenda hadi 2016, nilikuandikia tangu Pasaka, ukanijibu sawa. Kwa nini unawaambia watu msimu ujao?

Uwanja ni wa zulia, ndiyo. Nimejaribu kusimama kama ulivyonifundisha, mpira unapita kabla sijaamua. Wakati mwingine kulala ndiyo akili, Baba. Ungekuja ukasimama hapa ungekubali, ingawa ungekubali kimoyomoyo.

Nikuambie bila kuficha. Nina upweke. Tuko wanane chumbani na bado nina upweke, maana hakuna anayehitaji niseme lolote. Kazini msimamizi, sir wetu, akitaka kitu anaonyesha kwa kidole, yalla yalla, haraka haraka, jioni khalas, siku imeisha na mimi sijatamka sentensi. Golini wananihitaji niseme. Nikinyamaza, tunafungwa. Ndiyo maana naiomba hii barua. Sijaikana Njoro, na wala sitaikana.

Mwanao,
Doris


Dubai Investments Park, Dubai
21 Novemba 2014

Baba, shikamoo.

Sijui kama barua yangu ilikufikia. Shangazi anasema kwenye simu kwamba wewe ni mzima na unakwenda uwanjani kama kawaida, basi nashukuru.

Usajili umefungwa bila mimi. Ijumaa nakwenda na wenzangu, nabeba chupa za maji, nakaa kwenye benchi la chuma. Golini amesimama Harriet, ambaye ni mshambuliaji na anaukimbia mpira ukija juu. Nahodha wetu, Desire, ameniambia kuna dirisha dogo mwezi wa Januari, na kwamba hawatanisubiri zaidi ya hapo, kuna Mhindi mmoja anaitaka nafasi. Hakuniambia kwa ubaya.

Kama umekataa, niandikie kwamba umekataa. Hapana yako naijua, nimekua nayo. Kimya chako ndicho sikiwezi.

Mwanao,
Doris


Njoro, Moshi
28 Desemba 2014

Mwanangu Doris,

Heri ya Krismasi iliyopita na mwaka unaokuja. Kwa mwili ni mzima. Barua zako zote mbili zilifika. Nilizisoma, nikazirudisha kwenye bahasha, nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Ndivyo nilivyokujibu.

Mwanzoni mwa mwezi huu Belinda alikuja hapa nyumbani, amevaa gauni la kanisani. Kuna klabu ya Arusha inamtaka, akaniomba nimwachie. Nilimfokea. Nikamweleza habari za jezi, za uaminifu, za watu waliomwaga jasho kwenye ule uwanja kabla mama yake hajazaliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu, kisha akasema, "Mwalimu, unanishikia nini na hunichezeshi?" Unanijua, mimi sikosi jibu. Nikamwambia sijasikia, sikio baya. Akazunguka upande wa sikio zima, akarudia.

Alipoondoka nilikaa pale pale mpaka chai ikapoa. Tangu mama yako atutoke, nyumba hii imezoea kimya, lakini siku ile kilinielemea. Nikaona nilichokuwa nafanya. Ile nafasi niliishikilia kwa ajili yangu. Jina lako likiwa kwenye timu, kila Jumamosi nina mahali pa kukungojea pamoja na watu. Wananiuliza, nawajibu, tunacheka. Nikiliondoa, nitakungoja hapa ndani peke yangu. Ndiyo maana nilikuwa nawaambia msimu ujao. Nilijua kabisa si kweli, na wao nadhani walijua.

Dirisha dogo lilipofunguliwa nikamwandikisha Belinda mahali pako, naye akakubali kubaki. Jumamosi iliyofuata nilisimama nyuma ya goli kama siku zote. Wakaja watatu, beki kaachwa nyuma, nikapiga kelele, "Doris, toka! Toka, Doris!" Uwanja mzima ukanisikia. Mtoto wa watu akatoka, akauzuia kwa mguu, akageuka akaniinulia mkono kama vile hilo ndilo jina lake. Tulishinda moja bila. Niliondoka kabla ya kupeana mikono, nikasingizia ng'ombe.

Barua yako imo humu ndani, Linus wa duka la viungo anarudi huko Dubai, atakuletea. Muhuri ni wa klabu. Sahihi ni yangu. Haya, nenda ukawadakie. Nimeudhika kwamba nimechelewa kukupa, na nimeudhika kwamba nimekupa. Yote mawili yapo.

Baba yako,
Onesmus


Dubai Investments Park, Dubai
31 Januari 2015

Baba, shikamoo.

Natumaini umeshalala usingizi mzuri tangu uniandikie. Nami ni mzima, isipokuwa paja la kushoto lina alama nyeusi ya ukubwa wa sahani, na leo nimepiga mashuka pasi kwa mguu mmoja.

Barua niliifuata kwa Linus kule Al Ras, akaitoa shatini katikati ya magunia ya viungo. Nilipoiona sahihi yako niliingia msikitini upande wa wanawake, mimi Mlutheri, nikakaa, nikalia. Mama mmoja wa Kisomali akanipa maji. Kisha Desire akaipeleka kwa wenye ligi, wakagonga muhuri wao juu ya wetu, khalas. Mimi ni kipa wa watu wengine.

Jana nilicheza. Tulifungwa magoli manne kwa moja. Nakuandikia yote, moja moja, kama yalivyokuwa. La kwanza, kona fupi, nilijitupa mapema, mpira ukapita juu ya goti langu nikiutazama. La pili, nilimwelekeza beki wangu kwa Kiswahili kwa hasira, beki ni Mgoa, akasimama ananishangaa na mshambuliaji akapita katikati yetu kama mtu anayepita sokoni. La tatu lilikuja polepole. Polepole kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitaupiga kwa nani, ukapita kati ya miguu yangu miwili. La nne nilitoka, nikasita, nikarudi nusu. Unajua inakuwaje kipa akirudi nusu.

Filimbi ilipolia nilibaki nimeinama, nimejikaza, nangojea. Akaja Desire akanipiga bega, "No problem, my sister." Akaja yule Mgoa, akacheka, akaniomba radhi eti kosa ni lake. Harriet akasema, "Usijali, mtu wangu, sisi tutawapiga wakati mwingine," akanimenyea chungwa. Wote wema, Baba. Kila mmoja kaniambia neno zuri. Hakuna hata mmoja aliyenikasirikia.

Walipokwenda kwenye basi nilizunguka nyuma ya goli. Pale kuna bomba la kumwagilia na ukuta wa kiwanda. Nikasimama, nikatazama goli nilikotoka, nikaona makosa yangu yote manne wazi, na hapakuwa na mtu wa kuniambia. Wakanipigia honi ndipo nikaenda.

Sijutii. Ijumaa ijayo nitacheza tena, na nitacheza vizuri zaidi. Lakini naona hawa watu bado hawanijui kiasi cha kunifokea, na sijui itachukua muda gani.

Kwa hiyo soma tena hayo magoli, Baba, taratibu, ukiwa umetulia. Kisha uniandikie unigombeze. La tatu hasa. Usinihurumie.

Mwanao,
Doris