Herufi Zisizochoka

Mujukuu wangu Muhindo,

Mama yako anakusalimu, mjomba wako Baluku aliyerudi jana kutoka Kasese anakusalimu, na kadogo Biira ameota meno mawili. Hapa Bwera tuko wazima, hofu ni kwako tu huko Kampala.

Unauliza kwa nini nilitoka mbio mjomba alipofungua programu yako kwenye kompyuta. Ulisema herufi zitatokea moja moja, kama mtu anaandika. Kweli zilitokea kwenye kioo cheusi: "Bibi, niko muzima." Zikajifuta. Zikaanza tena, kwa mwendo uleule.

Nikiwa msichana nilibeba chumvi na mama yangu Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi. Asubuhi moja ukungu ulifunika ziwa, sauti ikaniita kutoka majini: "Masika." Nikafungua mdomo. Mama akanifinya mkono.

"Nyamaza! Sikiliza kwanza."

Ikaita tena, vilevile, haipandi wala haishuki.

"Mutu muzima, mwenye pumzi, akiita mara ya pili anakasirika," mama akanong'ona. "Huyu hachoki. Usiitike."

Hatukuitika. Ukungu ulipoinuka, hapakuwa na mtu, hata nyayo kwenye matope.

Kazi yako ni nzuri, mujukuu, mjomba anaisifu kwa majirani wote. Lakini ziache herufi zikwame kidogo, zikosee, zirudi kufuta, kama wewe ukiandika.

Na leo hii nipigie simu, usikawie. Nikichelewa kuitika, nigombeze, nijue ni wewe.

Bibi yako Masika