Dawa ya Motokaa ya Bwana Ratke

POLISI, BOMA LA MOROGORO
Maelezo ya shahidi, Alhamisi tarehe 12 Machi 1914

Jina: Veronika binti Mloka
Umri: hajui hasa, yapata miaka arobaini
Kazi: mkulima wa mboga
Makazi: Towero, mlimani
Dini: Mkristo wa misheni

Mimi ni dada wa marehemu Stefano Mloka. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimesikia kwamba Salehe bin Mwinyikombo, mtumishi wa motokaa wa Bwana Ratke, amefungwa humu ndani. Wanasema yeye ndiye aliyetia sumu chupani, na kwamba ndugu yangu aliiba bia. Yote mawili si kweli. Nilikuwepo.

Mnamo Jumamosi tarehe 7, mimi na Stefano tuliteremka kutoka Towero na matenga ya kabichi na karoti, kuyapeleka nyumbani kwa Bwana Ratke, katika shamba la katani lililoko njia ya Ngerengere. Tumempelekea mboga tangu mwaka juzi. Tulifika kengele ya pili ya shamba imeshalia na jua limekuwa kali.

Tulimkuta Bwana Ratke uani anaosha motokaa. Kila Jumamosi huiosha mwenyewe, Salehe akimsaidia kusugua. Hana mke nyumbani wala mtoto, ana motokaa. Dawa anayotumia ni unga mweupe wa Ulaya, anaouweka katika debe. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuchanganya. Nilimwona siku hiyo kwa macho yangu. Ndoo moja alitia unga kidogo na maji mengi, ya kuoshea mwili wa motokaa. Ndoo ya pili aliifanya kali zaidi, ya magurudumu. Kisha akachanganya nyingine kali kabisa, ikawa inatoa mvuke, akaimimina kwa faneli ya bati katika chupa tupu ya bia, ili aidondoshe penye mafuta yaliyoganda. Alifurahi sana. Akatuambia, "Dawa hii inasafisha kila kitu. Sakafu, sufuria, chuma, kila kitu."

Chupa ile aliiweka juu ya meza ya barazani. Pale mezani palikuwa na chupa nyingine ya namna ileile, yenye bia aliyokuwa anakunywa.

Salehe akatumwa kisimani kuteka maji. Stefano alikuwa anazunguka motokaa na kucheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Akamwambia Bwana, "Jamani, mimi nimetembea tangu alfajiri hakuna aliyeniosha hata miguu." Bwana Ratke akacheka naye. Alikuwa amelala chali chini ya motokaa, miguu tu ndiyo inaonekana. Akasema, "Stefano, ile bia imebaki. Maliza." Hayo ndiyo maneno yake. Hakutoka kutazama.

Stefano akasogea mezani, akachukua chupa iliyokuwa karibu naye, akanywa kama anavyokunywa mtu mwenye kiu. Salehe alikuwa bado kisimani.

Chupa ilianguka. Stefano alishika shingo yake. Sauti haikutoka. Midomo ikawa myeupe, imevimba, kama nyama iliyotiwa katika maji ya moto, na ngozi ya ndani ikaanza kumenyuka. Akatoa mate mengi na damu. Alitaka kujishikiza, akaegemea motokaa, akatapika juu ya gurudumu.

Hapo ndipo Bwana Ratke alipotoka chini. Alimtazama Stefano, akaitazama ile chupa, akajua. Nilimwona akijua. Salehe akaja mbio na ndoo. Jambo la kwanza alilolisema Bwana Ratke lilikuwa hili: "Salehe, osha gurudumu. Upesi, kabla halijakauka."

Salehe hakuosha gurudumu. Alimwaga ndoo chini, akamshika ndugu yangu. Akasema, "Bwana, motokaa ipo. Tumpeleke hospitali sasa hivi." Bwana Ratke akasema hapana. Salehe akavua kanzu yake akaitandika juu ya kiti cha motokaa. Bwana Ratke akaiondoa kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa, akaitupa chini. Akasema, "Hiki kiti ni ngozi. Damu haitoki kwenye ngozi."

Nilipiga magoti. Nikamwambia, "Bwana, si umesema dawa yako inasafisha kila kitu?" Alikuwa ameziba pua kwa kitambaa alichokuwa anafutia taa za shaba.

Tulimpakia Stefano kwenye mkokoteni wa katani. Salehe alivuta, mimi nikasukuma. Kutoka shambani mpaka mjini ni mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye afya anayekwenda kwa miguu, na sisi tulikuwa tunasimama kila mara kumwinamisha asipaliwe na damu. Alikuwa akinitazama tu. Alitaka kusema neno, povu likatoka.

Tulipofika karibu na mto, tulisikia motokaa nyuma yetu. Salehe akasema, "Dada, moyo umemgeuka, anakuja kumchukua." Tukausogeza mkokoteni pembeni, nikamwinua Stefano kichwa. Motokaa ikapita. Bwana Ratke alikuwa amevaa nguo nyeupe na kofia. Hakupunguza mwendo. Vumbi lote likatuangukia, likaingia katika mdomo wa ndugu yangu uliokuwa umechubuka. Nilimfuta kwa upande wa khanga yangu. Ngozi ikaja na khanga.

Nilitapika pale barabarani. Sikutapika kwa sababu ya damu.

Stefano alikata roho kabla hatujafika hospitali. Mlangoni tulikuta askari wawili wanamngoja Salehe. Bwana Ratke alikuwa ameshafika bomani, ameshasema maneno yake. Walimfunga Salehe mikono ikiwa bado na damu ya ndugu yangu.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto. Wanangu wanne walikuwa wa Stefano kuliko walivyo wa baba yao. Tulimzika Jumapili. Jumatatu asubuhi, watu wa matanga wamekaa bado uani, alikuja mpishi wa Bwana Ratke. Nilidhani ameleta rambirambi. Alisimama mbali, anaona haya, akasema, "Shikamoo, dada. Bwana anauliza, kwa nini kabichi hazijaletwa?"

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Kama ni kuapa nitaapa, na mbele yake pia.

Alama ya dole gumba la shahidi: Veronika binti Mloka

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Paulo, karani wa polisi, kama alivyoyasema, nikamsomea. Alitaka nifute mahali nilipoandika "marehemu alikunywa bila ruhusa". Nimefuta.

Salehe bin Mwinyikombo ametolewa leo alasiri kwa amri ya Bwana wa polisi. Hakuweza kuvaa kanzu kwa ajili ya majeraha ya viboko. Shahidi amemchukua kwake kumuuguza.

Bwana Ratke ameandikiwa afike bomani kesho. Amejibu kwamba mvua imeanza, na atakuja barabara itakapokauka.