Hina Iliyooshwa Kandara

Jeddah

Kwa mwanangu Asha,

Assalaam alaykum, mama. Naomba barua hii ikukute umekula na umelala vizuri. Kile kikohozi kimeondoka? Na bibi yako, miguu inamtoa japo hadi barazani? Mimi mwili mzima, kazi ya jikoni kwa Madam, hapa mtaa wa Al-Hamra, naiweza, ila moyo toka Ijumaa haujatulia.

Najua unangoja neno langu juu ya posa ya Juma. Nimechelewa kwa sababu ami yako kaniandikia kuwa kijana ni Mmakonde, hatujui ukoo wake. Nikasema ngoja nifikiri. Sasa sikiliza yaliyonipata.

Bi Zuwena, yule niliyekwambia alihama Unguja na wazee wake baada ya mapinduzi, alikuwa anaoza bintiye. Akaniomba nimtie hina bibi harusi. Madam akaniruhusu, nikaenda kwake mtaa wa Kandara. Nishamaliza mkono wa kulia, maua mpaka kwenye kifundo, wanawake wanaimba na kunitania kuwa mkono wangu unapotezwa na masufuria ya Al-Hamra. Shangazi wa bwana harusi, naye mzaliwa wa Unguja, akaniuliza, kwa upole kabisa, mimi mtoto wa nani. Nikamwambia wa mzee Faraji wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja mjini, mchukuzi wa bandarini.

Akaweka kikombe chini.

"Faraji ni jina la watumwa," akasema. "Na Ng'ambo ndiko walikotoka wale waliotumaliza. Mkono huo haumgusi mke wa mtoto wetu."

Nyimbo zikakatika. Bi Zuwena akaniinamia sikioni. "Dada, nisitiri. Wataivunja harusi."

Akaleta maji na sabuni, akamwosha binti mwenyewe. Hina ilishashika, ikabaki rangi ya chungwa, na binti analia huku akiutazama mkono wake.

Mwanangu, sijapata kushtuka hivyo. Babu yako siku zile za mapinduzi alikuwa kitandani, hata kusimama hawezi, namlisha uji mimi. Lakini hakuna aliyeuliza. Watu wao waliuawa, hilo kweli, na uchungu wao siwezi kuupima. Ila mtaa haushiki panga. Hushika mtu, na mtu ana jina lake na nyumba yake. Na huyu Bi Zuwena juzi tu alikuwa analia kwangu: kijana wake kakataliwa kazi Riyadh kabla hajafungua kinywa, kisa rangi na alikotoka. Ladha ya dhuluma anaijua.

Njiani nikirudi nilitaka kumchukia. Ndipo yakanijia maneno ya ami yako, hatujui ukoo wake. Ni yale yale ya shangazi, yamevaa kanzu nyingine tu. Na mimi nilikuwa nayafikiria.

Basi mwambie ami yako, kwa ulimi wangu, aipokee posa. Asimuulize Juma babu yake nani. Amuulize kama anaswali, na kazi yake ipi, na akikasirika hufanyaje. Hilo la mwisho afadhali ulitazame mwenyewe, maana wanaume hufichiana.

Nisalimie bibi yako, na ami yako na ukali wake, na Bi Mize mkunga aliyekupokea. Na mama yake Juma, ambaye bado sijamwona kwa macho, mpelekee salamu zake peke yake. Mwambie mkwe mwenzake yuko Jeddah, anamuulizia hali.

Mama yako anayekuwaza,
Mwanakheri binti Faraji