Turbo Yako, Odhiambo

Odhiambo mwanangu,

Gari lako lipo. Nilimwambia mkeo Achieng' kwamba limeoza na nimelitoa liende chuma chakavu, naye hakuuliza tena, maana hakutaka hata kulitazama. Liko Otonglo, nyuma ya gereji ya Barasa, chini ya turubai. Kila Jumanne naaga kwamba naenda mkutano wa wazee wa kanisa, kisha napanda bodaboda kwenda huko. Usicheke.

Naandika kwa haraka. Miguu imevimba tena, na daktari ameanza kuongea na Achieng' badala ya kuongea nami. Maana yake naijua. Barua hii niliianzia mezani, nikahamia kibarazani, sasa niko kitandani. Hakuna mahali ninapotulia.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka soko la Kibuye na ile turbo, pampu ya kusukumia injini hewa, ndani ya gunia la viazi? Uliipangusa kwa fulana yako, ukanionyesha jinsi feni yake inavyozunguka kwa kupulizwa tu na mdomo. Ulipotaka kunichokoza hukuniita Baba, uliniita mwalimu, kwa Kijaluo, kama wanafunzi wangu wa fizikia. "Japuonj, hii inaendeshwa na moshi unaotupwa. Bure kabisa!" Nikakujibu kwamba katika fizikia hakuna cha bure. Injini ya gari lako ilitengenezwa ivute hewa yenyewe, na tayari inaigandamiza sana. Ukiisukumia nyingine, petroli italipuka kabla ya wakati wake na pistoni zitatoboka. Ukasema utasukuma kidogo tu, utaongeza petroli, utaweka gaskiti nene chini ya kichwa cha injini ili mgandamizo upungue.

"Piga hesabu wewe mwenyewe, Japuonj. Ukisema haiwezekani, naacha."

Baada ya siku chache nikakuambia haiwezekani. Ukaacha. Mtu mzima, mwenye mke na nyumba yake, ukafunika injini ikiwa wazi vilevile, kwa sababu mimi nimesema.

Kisha figo. Habari za figo sitaziandika.

Tulipokuleta nyumbani kukuzika, vijana walizungusha magari na pikipiki bomani, wakizingurumisha kukifukuza kifo kama desturi yetu. Vumbi mpaka kwenye chai. Mmoja akapaza sauti, "La Odhiambo mwenyewe liko wapi?" Lilikuwa bado limefunikwa, injini wazi. Magari ya watu wengine ndiyo yaliyokulilia, lako likabaki kimya. Tangu siku hiyo sijapata raha. Matanga yalipokwisha nikaenda kumtafuta Barasa.

Barasa ni mtu wa Bungoma, ana mdomo. Aliponisikia alisema, "Mzee, wenzako umri huu wanatafuta fimbo, wewe unatafuta spidi?" Lakini alipoona kibomba cha turbo ulichochomelea kwenye bakuli la oili kabla sijakukataza, alikigusa kwa kidole. Akauliza ni fundi gani. Nikamwambia ni mwanangu, alikuwa karani, alijifunza mwenyewe.

Tumehangaika nalo, tukaifunga turbo yako kwa gaskiti nene kama ulivyotaka. Mwanzoni lilitoa moshi wa buluu hadi majirani wakalalamika. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo tulikuwa tumelipinda likapanda kidogo, na oili hiyo hurudi kwa uzito wake tu, haina wa kuisukuma. Tukaliteremsha. Moshi ukaisha.

Jana tulilitoa. Barasa alishika usukani, mimi nikafungwa mkanda kama mtoto. Tulipopita Kisian, kwenye barabara ya Busia, tukaanza kupanda, naye akakanyaga mafuta. Nilikuwa nikisikiliza mlio mmoja tu, ule wa kugonga ndani ya injini petroli inapolipuka kabla ya wakati, niliokutishia nao. Nisamehe, mwanangu, nilitamani mlio huo uje. Haukuja. Ilianza filimbi nyembamba, halafu kiti kikanisukuma mgongoni, na Barasa akapiga kelele, "Mzee, shika moyo!" Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha nikalia, naye akadhani ni kifua. Tulipofika juu alikaa bila kuzima injini, akaiacha ingurume taratibu hadi turbo ipoe. Nikashukuru, maana nilihitaji kupoa pia.

Kesho nitamwambia Achieng' nilikokuwa nikienda Jumanne. Nitampeleka Otonglo na kumpa ufunguo mkononi. Akitaka kuliendesha, aliendeshe. Akitaka liondoke, sitamzuia. Hilo nakuahidi, na nitalitimiza hata ikibidi nibebwe.

Lala salama, Odhiambo. Huenda nami niko njiani kuja huko, na sitaki usimame kunipokea kwa heshima kama ulivyozoea kabla hujalijua hili. Hesabu zile nilizipiga. Nilizipiga, nikazirudia, zikakubali. Niliona gaskiti nene ingetosha, niliona petroli ingetosha. Nilichoogopa ni barabara ya Busia, na wewe juu yake. Nilipokuambia haiwezekani, nilijua inawezekana.

Baba yako