Mstari Mmoja wa Mlonge

Jumatatu, 8 Septemba
Jeli ya kupimia protini imeganda vizuri, haina mapovu. Nimeosha vyombo. Nimefungulia redio, angalau nisikie mtu akisema. Tangu mwenzangu Mwanaisha apate kazi Lamu, maabara hii ya Changamwe ni yangu na friji. Hata kuniaga hakuniaga sawasawa. Simpigii. Aliyeondoka na apige yeye.

Jumanne, 9 Septemba
Nimechemsha sampuli na sabuni. Sabuni huzikunjua protini na kuzitia zote chaji hasi. Umeme ukiwashwa, zinakimbilia upande wa chanya, zikishuka ndani ya jeli. Ndogo hupenya upesi, kubwa hukwama juu, kama machicha yanavyobaki kifumbuni tui likipita. Nataka kujua kama protini yangu ya mbegu za mlonge, ile inayotakasa maji ya visima vyetu Mishomoroni, ni moja kweli au ni mchanganyiko. Mkuu anataka jibu Ijumaa, la sivyo mradi unafungwa. Nimebakiwa na vichupa viwili vya protini hiyo. Mbegu nyingine hadi msimu ujao.

Jumatano, 10 Septemba
Mjinga mimi. Mjinga kabisa.
Kifuniko cha tangi la jeli, kile kinachozuia nyaya kugeuzwa, kilivunjika zamani, nyaya twachomeka kwa mkono. Nimewasha, nikaenda kunywa chai na mahamri. Kurudi, rangi ya buluu niliyochanganya na sampuli, iliyopaswa kushuka, imepanda, imemwagikia maji ya juu. Nilichomeka nyekundu kwa nyeusi. Protini zote zimekimbilia nje ya jeli. Kichupa kimoja kimekwenda hivyo.
Tulikuwa na desturi, mimi na Mwanaisha: hakuna kuwasha mpaka mwenzio aangalie nyaya. Nimelia pale pale kwenye sinki.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimetia kichupa cha mwisho. Nyaya nimezikagua hata sizioni tena. Basi, kiburi kando. Nimempigia Mwanaisha kwa video, nikamwelekezea nyaya kabla hata ya salamu.
"Nyekundu kwa nyekundu. Washa, mdogo wangu," akasema. "Wallahi nilidhani umenikasirikia."
Nilikasirika, na nimemwambia. Akasema kule naye hula peke yake.
Rangi ikaanza kushuka. Tuliitazama pamoja mpaka bando langu likaisha.

Ijumaa, 12 Septemba
Jana jioni niliitia jeli rangi ya kuonyesha protini; imelala ndani ya maji usiku kucha, rangi ya ziada imetoka. Asubuhi nimeiinua juu ya taa. Pembeni, protini nilizotia za kulinganishia ukubwa, mistari tele. Kwenye njia yangu, mstari mmoja, karibu na chini. Buluu, mwembamba, hauna mwenzake. Ndivyo protini safi inavyoonekana.
Mkuu amejibu: sawa, endelea. Nimefurahi, halafu nikatazama huku na huku, hakuna wa kumwonyesha. Nimemtumia Mwanaisha picha. Bado hajaifungua.
Nimeosha tangi. Benchi la Mwanaisha nimelipangusa pia.