Kichwa Kilichonyolewa Kampala

Bunia, tarehe 9 Oktoba

Kwa Mama yangu mpendwa Elisabeth, huko Gety,

Kwa heshima inayompasa mzazi, naanza kwa kukusalimu na kuuliza hali ya goti lako, ya mihogo ya bondeni, na ya yule ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Ukitaka kujua hali yangu mimi binti yako, nakula, nalala, na leo asubuhi nimefua nguo mwenyewe. Nayaandika haya nikiwa na akili timamu, na utaona kwamba sisemi hivyo kwa desturi tu.

Ulikwisha kusikia kwa simu kwamba mkwe wako Xavier hakufa. Namshukuru katekista kwa kukuazima simu yake. Lakini kwa kuwa huifungulia sauti mpaka majirani wote wanasikia, nimechagua karatasi, ili uyasome peke yako.

Kwa miaka miwili niliumwa kichwa kila asubuhi, kisha vitu vya upande wangu wa kushoto vikaanza kuonekana kama kupitia chandarua. Nilikuandikia kwamba ni malaria, nilikosea. Daktari wa hapa alitutuma Kampala, kwenye mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa. Huko tulionyeshwa uvimbe mkubwa kama yai la kanga, uliomea kwenye utando unaofunika ubongo. Daktari alitueleza, kwa Kiswahili cha kuhesabia maneno, kwamba haukuwa kansa wala haukuingia ndani ya ubongo, bali uliusukuma, kama mgeni anayejinyosha kitandani mpaka mwenye kitanda anabanwa ukutani. Walininyoa, wakafungua fuvu, wakautoa, wakanishona. Siku ya tatu nilihesabu madirisha ya jengo la ng'ambo mpaka yale ya mwisho kushoto, nikalia kwa furaha.

Majirani tulikuwa tumewaambia kwamba tunakwenda kutafuta nguo za vikwembe za biashara. Unajua watu walivyo: ugonjwa wa kichwa hautajwi bila kutafutiwa mchawi, nami sikupenda jina la mtu lichafuliwe kwa ajili yangu.

Kosa likazaliwa hapo. Tulipokuwa tunarudi, Xavier alishuka njiani, Iga Barrière, kuangalia magunia yake ya maharagwe, akaahidi kunifuata jioni. Nikaingia kartie, mtaani kwetu, peke yangu. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimerudi nyuma kwa joto. Kilifunika mshono, lakini kiliacha upara wa mbele wazi. Jirani yetu Mama Jeannine alikuwa akitwanga majani ya sombe. Aliona mke aliyeondoka na mume anarudi bila mume, kichwa kimenyolewa kama cha mjane. Hakuuliza. Alitupa mchi, akapiga yowe. Kabla sijatua begi langu vizuri, parsele, uwanja wetu, ilikuwa imejaa watu wa matanga, na mzee wa kanisa Osée alikuwa amesimama kumsifu marehemu kwa upole na uvumilivu, sifa ambazo hakuna aliyewahi kumshuku Xavier kuwa nazo.

Mama, sikuwasahihisha. Nilikaa kwenye mkeka saa mbili nzima, wakinishika mabega. Ningesema Xavier yu hai, wangeniuliza nywele zimekwenda wapi.

Alifika kwa pikipiki katikati ya wimbo. Watu walitawanyika. Mama Jeannine peke yake alibaki, aliokota mchi wake, akamnyoshea: «Weye Xavier, kama ulikufa, rudia kule kule! Kama uko muzima, kuja uikale!» Akaja, akaketi, na watu waliporudi mmoja mmoja akamwomba Osée amalizie zile sifa.

Ndipo nikafungua kitambaa na kuwaonyesha mshono. Nilieleza yote, na hakuna aliyetaja uchawi. Mama Jeannine aliamua kwamba chakula kilicholetwa hakirudi jikoni kwa mtu, kwa hiyo tulikila kama karamu ya shukrani. Wakaniuliza kama uvimbe umekwisha wote. Nikajibu kwamba umekwisha wote.

Si kweli, Mama. Asubuhi moja hospitalini Kampala, Xavier alipokuwa ametoka kutafuta dawa, daktari aliniambia kwamba kipande kama punje ya mahindi kimeachwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, kwa sababu kukikwangua kungeweza kuniua. Kinaweza kulala miaka mingi, kinaweza pia kuamka, na kila mwaka napaswa kupigwa picha. Xavier alirudi akicheka, mikono imejaa machungwa, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu wote, naomba msamaha wako. Naomba pia kwamba mwezi wa tisa ujao ukubali kufuatana nami Kampala, ukae mlangoni wakati nitakapolala ndani ya mashine ile.

Nilipofika mstari huu nilitaka kufunga bahasha, nikaona haifai Mama ajue jambo ambalo mume wangu halijui. Nimempa Xavier barua asome. Alisoma polepole, akarudia maneno ya punje mara mbili. Alisema kwamba mtu aliyekwisha kuliliwa na kartie nzima haogopi punje ya mahindi, ila imemuuma kwamba siku ile ya machungwa alifurahi peke yake.  Kisha akachukua chaki, akaandika mwezi wa picha nyuma ya mlango wa sebule, kwa herufi kubwa, mahali ambapo kila anayeketi kwetu atausoma. Sikumzuia.

Mfikishie Baba Mdogo Vital heshima zangu, na wote wanaoniulizia uwaambie ukweli.

Ni mimi binti yako, asiyekuficha tena kitu,

Bénédicte