Hema la Watu Watatu

Kwako mshauri wetu,

Nisaidie kabla mvua hazijaanza, maana siku zinakwisha na mimi silali kwa jambo ambalo wengine watalicheka, nalo ni kuchagua hema. Sisi ni Waorma, wafugaji wa karibu na Garsen, lakini mimi nilikulia Malindi ambako baba yangu alikuwa karani, nikasoma mpaka darasa la nane, na nilipoolewa na Jatani ndipo nilipojua kuhama ni nini: kila mvua zikikaribia tunauacha mto na kufuata malisho upande wa Bangale, siku nyingi kwa miguu, punda mmoja amebeba fito na mikeka ya nyumba, wa pili amembeba mama mkwe wangu Darmi, ambaye goti lake halimfikishi mbali. Mwaka jana mvua ilitukuta njiani. Jatani alikuwa bomani na ng'ombe, kama kila usiku wa safari kwa sababu ya simba, mimi na Darmi tulikuwa bado tunafunga fito, tukalowa sote, na binti yangu Hawo, wakati ule ana miezi miwili, akashikwa na kifua hata pumzi yake ikawa inalia kama filimbi. Alipona, lakini mimi bado naisikia.

Sasa punda mmoja ameliwa na simba, na fito hazina wa kuzibeba. Kwa Olow, mwenye duka Garsen, kuna mahema mawili. La kwanza ni la turubai nene, halipitishi maji, lakini linamtaka punda peke yake, na hapo Darmi hana wa kumbeba. La pili ni la kitambaa chepesi, nalibeba mgongoni bila taabu, ila Olow anasema likilowa tusiliguse kwa ndani, maji yatapenya. Nililijaribu pale pale dukani: nikalala, nikamlaza Hawo, nikamwita Jatani naye alale, tukajaa, na Olow akacheka, "Mama Hawo, humo mtageuka kwa zamu!"

Darmi alikuwa mlangoni. Alilishika kwa vidole viwili. "Hiki ni kitambaa cha kuchujia maziwa. Mjukuu wangu utamlaza ndani ya shati?" Kisha akasema polepole, "Nendeni tu. Mimi nitabaki." Kubaki maana yake ni kukaa peke yake mtoni, majirani wote wamehama, na maji yakipanda hawezi kukimbia.

Mshauri, aliposema hivyo moyo wangu ulifurahi. Nimeandika na sitafuta. Jatani ananiambia, "Chagua wewe, ndiwe uliyesoma," nami naogopa kwamba sitachagua kwa macho bali kwa ile furaha. Nikichukua zito, mama anabaki. Nikichukua jepesi, hana pa kulala, na huenda Hawo akalowa tena. Nifanye nini?

M., Garsen

JIBU

Binti yangu, aliyewahi kusikia pumzi ya mtoto ikilia hawezi kuambiwa atulie, nami sikuambii. Lakini isome barua yako tena. Umeandika kwa mkono wako kwamba Jatani hulala bomani kila usiku wa safari. Dukani ulimlaza humo kwa nini? Ulipima familia ya kwenye kitabu cha shule, baba, mama na mtoto. Nyumba yenu njiani ni wewe, Hawo na bibi yake. Hao ndio watatu. Nafasi ya Darmi ilikuwapo tangu mwanzo, na kwa nini mwenye akili kama wewe hukuiona, umelieleza mwenyewe. Furaha ile ilikujia bila kuitwa, usijitese nayo. Ila ukimwacha mzee wa watu mbele ya mafuriko, hilo utakuwa umelitenda.

Chukua jepesi, lakini usilichukue kavu. Mwambie Olow alisimamishe nje, mlimwagie ndoo za maji, nawe ukae ndani upapase mishono. Panapovuja, paka nta ya nyuki. Njiani lisimamishe mapema, kabla ya kukama, usingoje wingu. Hawo alale katikati, mbali na kitambaa. Pembeni mlale ninyi wakubwa. Miwili ya ile mikeka ya nyumba iende na Darmi, aikalie juu ya punda mchana na muitandike usiku, kwa sababu baridi ya kifua hutoka chini pia.

Na usimjibu Jatani kwanza. Nenda kwa mama mkwe wako, acha maneno marefu, mwambie, "Mama, twende dukani ulale humo na mimi na Hawo, tuone kama tunatosha." Akikataa, kesho mwambie tena. Mpaka yeye awe amelala humo, hema hilo usilinunue.